Shetani Mmoja Sokoni: Humbert wa Romans na Ufundi wa Kuhubiri

Kuna hoja ya Humbert wa Romans ambayo hata leo ingemfanya padri yeyote ainue kichwa. Kristo, anasema, aliadhimisha Misa mara moja tu, ile Alhamisi ya karamu ya mwisho; hatusomi popote kwamba aliketi kuungamisha watu, na sakramenti alizotoa kwa mkono wake ni chache. Lakini kuhubiri alihubiri tangu alipoianza kazi yake hadi mwisho. Aliyeandika hayo hakuwa mzushi. Alikuwa padri na mtawa, aliliongoza shirika la Wadominikani kwa miaka tisa, na yeye ndiye aliyehakikisha kwamba ndugu zake wote, kutoka Hispania mpaka Poland, wanasali masifu na kuadhimisha Misa kwa utaratibu mmoja. Hakuwa akiidharau altare. Alikuwa akisema na ndugu waliopenda kubaki kwenye sakristia na maktaba huku watu wakikaa nje bila kufundishwa.

Mtu wa namna hii historia humnyima sifa. Dominiko anakumbukwa kwa kuanzisha shirika, Thoma wa Akwino kwa vitabu vyake vikubwa, Alberto Mkuu kwa elimu ya viumbe. Humbert alikuwa mtu wa vikao, barua na taratibu, na watu wa vikao hawajengewi sanamu. Hata hivyo, kama unataka kujua jinsi kijana wa karne ya 13 aliyejua Kilatini cha darasani tu alivyogeuzwa kuwa mtu anayeweza kusimama mbele ya wavuvi, watumishi wa ndani au mashujaa wa vita akasikilizwa, huyu ndiye wa kumwuliza.

Wakati anazaliwa, mnamo mwaka 1200 hivi, katika mji mdogo wa Romans kando ya mto Isère, kusini mashariki mwa Ufaransa ya leo, kuhubiri ilikuwa kwanza kazi ya askofu. Askofu mwenyewe mara nyingi alikuwa bwana mwenye mashamba, kesi na askari, na padri wa kijijini aliweza kuongoza ibada lakini kufafanua Maandiko kulimshinda. Pengo hilo lilizibwa na wengine. Katika nchi ya Toulouse na vitongoji vyake, Wakatari, ambao Kanisa liliwahesabu kuwa wazushi, walitembea kwa miguu, wakala kidogo, wakazungumza na watu kwa lugha yao. Wajumbe wa Papa waliotumwa kuwapinga walifika na farasi, watumishi na mizigo. Mwaka 1206, mjini Montpellier, Askofu Diego wa Osma na padri wake Dominiko waliwashauri wajumbe hao waachane na fahari hiyo, washuke chini watembee. Ushauri huo ndio uliozaa shirika. Mtaguso wa Laterano wa 1215 uliwaagiza maaskofu watafute watu wa kuwasaidia kuhubiri. Desemba 1216 Papa Honori III aliithibitisha jumuiya ya Dominiko. Na Agosti 1217 Dominiko, huku wengi wakishangaa, aliwatawanya ndugu wake wachache, baadhi Hispania, baadhi Paris kwenye chuo.

Humbert alikuwa mwanafunzi Paris wakati ndugu hao walipokuwa wakijulikana mitaani. Alishasoma sanaa, akaendelea na sheria za Kanisa, njia ya kawaida ya kijana mwenye akili aliyetaka cheo. Moyo wake ulivutwa zaidi na Wakartusi, watawa wa ukimya wa milimani walioheshimiwa sana nyumbani kwao. Katika hadithi ambazo Wadominikani walizikusanya baadaye, inasimuliwa kwamba padri mzee alimhoji kama anakumbuka alichoahidi siku ya ubatizo wake, na swali hilo likamkosesha raha. Alikwenda kwa mwalimu wake wa teolojia, Hugues de Saint-Cher. Mwalimu akamwambia kwamba hata yeye anawaza kujiunga na ndugu wa Dominiko, ila ana shughuli za kumaliza kwanza. Mwanafunzi hakungoja. Tarehe 30 Novemba 1224 alivaa kanzu nyeupe na joho jeusi. Mwalimu alimfuata miezi michache baadaye. Hivyo mtu aliyetamani ukimya akaishia katika shirika ambalo kazi yake ni kusema, na nadhani hilo linaeleza ukali wake wa baadaye dhidi ya wenye kipaji wanaojificha nyuma ya sala. Alikuwa akiwajua kwa ndani.

Mwaka 1226 alikuwa Lyon akifundisha, na kufikia 1237 alikuwa mkuu wa nyumba ya huko. Nyumba hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake palikuwa na watu walioishi kwa ajili ya mahubiri. Guillaume Peyraut aliandika kitabu kikubwa juu ya maovu na fadhila ambacho wahubiri walikitumia kwa karne kadhaa. Étienne de Bourbon alikusanya visa vya kutilia katika mahubiri, karibu 3,000, vingine kutoka vitabuni na vingine alivyovisikia mwenyewe njiani. Kimojawapo ni cha vijiji vya Dombes, kaskazini mwa Lyon. Étienne akiungamisha huko aliambiwa na akina mama wengi kwamba wamepeleka watoto wao wagonjwa kwa Mtakatifu Guinefort. Alipouliza huyo mtakatifu ni nani, akajibiwa kwamba ni mbwa wa kuwindia. Mbwa huyo alimuua nyoka aliyekikaribia kitanda cha mtoto mchanga. Bwana wake alipoona damu alidhani mbwa amemla mtoto, akamuua kwa upanga, kisha akagundua ukweli. Wanakijiji walikuwa wakiliheshimu kaburi lake. Étienne aliamuru mifupa ifukuliwe ichomwe, na miti ya mahali hapo ikatwe.

Kisa hicho kinaonyesha mambo mawili kwa pamoja: masikio ya wahubiri hao yalivyokuwa wazi, na mkono wao ulivyokuwa mzito. Étienne alisikiliza vizuri kiasi kwamba wanahistoria wa leo wanamtegemea kujua imani za wakulima, lakini alisikiliza ili arekebishe. Humbert alichota kwenye hazina ya Étienne kwa ajili ya kitabu chake mwenyewe cha visa, kinachohusu kipaji cha uchaji wa Mungu, na alikuwa na mtazamo huohuo.

Vyeo vilimfuata. Alikuwa mkuu wa kanda ya Roma, kisha kuanzia 1244 mkuu wa kanda ya Ufaransa akichukua nafasi ya Hugues yuleyule, aliyekuwa amefanywa kardinali. Kwenye Pentekoste ya 1254 wawakilishi wa shirika walikutana Buda, Hungaria, nchi iliyokuwa bado inajijenga baada ya Wamongolia kuipitia kwa moto miaka kumi na miwili nyuma. Huko walimchagua Humbert kuwa mkuu wa shirika zima, wa tano tangu Dominiko.

Hakupewa nafasi ya kuvuta pumzi. Walimu wa Paris wasio watawa walikuwa wamechoshwa na hawa ombaomba wenye elimu waliochukua wanafunzi wao, na maparoko walilalamika kwamba waamini wanawakimbilia ndugu kusikiliza mahubiri na kuungama, wakienda na sadaka zao. Novemba 1254 Papa Inosenti IV alitoa hati ya kuwabana: wasihubiri wala kuungamisha bila ruhusa ya paroko. Wiki mbili na ushei baadaye Papa akafa. Msemo ukaenea kwamba heri mtu ajikinge na litania za Wadominikani, kana kwamba sala zao ndizo zilizomuua. Papa aliyefuata, Aleksanda IV, aliifuta hati hiyo kabla ya Krismasi.

Paris haikutulia. Guillaume de Saint-Amour aliandika kitabu cha kuwaonya watu juu ya hatari za siku za mwisho, na msomaji hakuhitaji kuambiwa kwamba hatari hizo zilivaa kanzu za watawa. Barua za Humbert za wakati huo zinaeleza jinsi ndugu walivyozomewa barabarani na kumwagiwa uchafu kutoka madirishani, hadi mfalme Louis IX akaweka wapiga upinde kulinda nyumba yao. Kitabu cha Guillaume kililaaniwa Oktoba 1256, lakini Jumapili ya Matawi ya 1259, Thoma wa Akwino akiwa katikati ya mahubiri, karani mmoja wa chuo alisimama mbele ya watu na kuanza kutangaza maandishi ya kuwakashifu watawa. Nashangaa kwamba katika miaka hiyohiyo ya kuzomewa Humbert alipata utulivu wa kushughulikia ratiba za darasa.

Alishughulikia. Mwaka huo wa 1259, mkutano mkuu wa Valenciennes uliunda kamati ya masomo yenye walimu watano, miongoni mwao Alberto Mkuu, Thoma wa Akwino na Pierre de Tarentaise ambaye baadaye alikuwa Papa Inosenti V. Ungetegemea kamati ya vichwa kama hivyo itoe falsafa. Ilitoa maagizo ya mwalimu mkuu wa shule. Anayefundisha asipewe kazi nyingine za kumtoa darasani. Wakati wa kipindi ndugu wasitumwe kwenye shughuli nyingine, hata Misa. Wakuu wa nyumba nao wahudhurie vipindi kama wengine. Na ndugu waje darasani na kitabu kinachosomwa, kama wanacho, wala si kitabu kingine. Kila aliyewahi kufundisha anajua agizo hilo la mwisho lilitokana na nini.

Msingi wenyewe ulikuwa umewekwa tangu mwanzo wa shirika. Nyumba haikufunguliwa bila mwalimu. Ndugu hakutoka nje kuhubiri kabla hajafika miaka 25, na aliyetaka ruhusa pana zaidi ya kuhubiri sharti awe amesoma teolojia miaka mitatu. Vijana walianzia ndani, mbele ya wenzao, kisha wakatoka wakifuatana na waliokomaa. Humbert aliongezea kitabu cha maelezo ya kila kazi ndani ya nyumba ya watawa, kuanzia kwa mkuu mwenyewe. Mtunza maktaba, kwa mfano, anaelekezwa kuchagua chumba salama kinachopitisha hewa vizuri, kupanga vitabu kwa masomo na kuweka alama kwenye kabati ili ndugu asipoteze muda akitafuta. Kwa Humbert hayo yote ni sehemu ya mahubiri. Mhubiri anayekosa kitabu Jumamosi atayumba Jumapili.

Kitabu chake kikuu, juu ya malezi ya wahubiri, kina kauli inayoonekana kuwafungia mlango wote wasiojaliwa: ufundi mwingine hupatikana kwa mazoezi, lakini neema ya kuhubiri ni zawadi ya Mungu. Kisha, kama mtu aliyekwisha kuwasikia wavivu wakiikimbilia sentensi hiyo, anageuka na kusema kwamba mwenye busara atafanya kila lililo katika uwezo wake, hasa kuandaa kwa bidii anachokwenda kusema. Kurasa zinazofuata zinaeleza bidii hiyo. Mhubiri ajue Maandiko, lakini ajue pia viumbe na historia, na aijue roho ya mtu kwa kukaa na watu. Awe na sauti ya kusikika na ulimi usiokwama. Asiendekeze urefu. Asijaze mahubiri nukuu tupu, wala hoja tupu, wala visa vitupu, kwa sababu anayesinzia kwa kimoja huamshwa na kingine. Wale wanaohangaika kupamba maneno anawaambia kwamba wanajali uzuri wa sahani kuliko chakula.

Ana maneno pia kwa wasiohubiri kabisa ingawa wanaweza: anayejiona hafai, anayependa upweke wake wa sala, anayeogopa njia na vumbi lake. Anakiri kwamba njia huchafua miguu. Mhubiri huchoka, husifiwa akavimba kichwa, hukutana na mambo ambayo mtawa wa ndani hakutani nayo. Lakini dunia isiyohubiriwa, kwake, ni shamba lisilozaa, na mwenye mbegu hana haki ya kuiweka ghalani kwa kuogopa tope.

Sehemu ya pili ya kitabu ndiyo inayonifanya nimrudie Humbert mara kwa mara. Hapo anaorodhesha aina 100 za wasikilizaji na kumpa mhubiri mambo ya kuwaambia. Hakuwa wa kwanza kuandika hivyo. Jacques de Vitry, aliyefariki 1240, alikuwa ameshatunga mahubiri kwa kila tabaka. Ila orodha ya Humbert inashuka mpaka chini kabisa. Wapo watawa na wanafunzi wa vyuo, wapo wakoma, wagonjwa wa hospitali, makahaba, vijakazi wa matajiri, akina mama maskini wa vijijini. Zipo hadhara pia: mashindano ya mashujaa wa farasi, magulio makubwa, masoko ya kila wiki.

Kuhusu hayo mawili ya mwisho anasimama kidogo na kuyatofautisha. Gulio kubwa hufanyika mara chache, huuza vitu vizito, na huleta watu wa mbali. Soko la wiki ni la mahitaji ya kawaida na watu wake ni wa jirani, na kwa maoni yake soko ndilo lenye dhambi zaidi. Linapangwa siku ya sikukuu, watu wakakosa Misa. Pengine linatandazwa makaburini. Muuzaji anaapa kwa Mungu kwamba bei hiyo inamtia hasara, mnunuzi anaapa kwamba kitu ni kibovu, ushuru wa bwana unakwepwa, ugomvi unazuka, na jioni wanamalizia kwenye ulevi. Kisha anampa mhubiri kisa cha kuwachekesha kabla ya kuwachoma. Mtu mmoja aliingia nyumba ya watawa akaona mashetani wamejaa tele uani. Akaenda sokoni, akamkuta shetani mmoja tu, amekaa peke yake juu ya nguzo. Alipouliza sababu, akajibiwa kwamba kwa watawa kila kitu kimepangwa kumwinua mtu kwa Mungu, hivyo wanahitajika mashetani wengi kuwapotosha. Sokoni kila mtu ni shetani wa nafsi yake, na msimamizi mmoja anatosha.

Mtu aliyeandika hivyo alikuwa amesimama sokoni. Aliwajua pia wale asiokutana nao kanisani: anakiri wazi kwamba maskini ni nadra kuja, na kwa hiyo wanajua machache kuhusu wokovu. Hitimisho lake si kwamba wangoje waje. Mhubiri ndiye aende, hata nje ya kanisa, hata penye kelele.

Suala la lugha nalo hakulikwepa. Katika waraka wake wa 1255 kwa shirika zima, Humbert alitaja vizuizi viwili vinavyowazuia ndugu kwenda kuhubiri kwa mataifa mengine: hawajui lugha za watu hao, na wanapenda mno nchi zao. Aliwataka waliokuwa tayari kujifunza Kiarabu, Kiebrania, Kigiriki au lugha nyingine wajitokeze, na mwaka uliofuata aliweza kuandika kwa furaha juu ya ndugu waliokuwa wakisoma Kiarabu Hispania. Shirika hilo lilifika hata pwani yetu ya Afrika Mashariki, karne tatu baadaye, kwa meli za Wareno: Mdominikani João dos Santos alitua Sofala 1586, akaishi pia visiwa vya Kirimba, na kitabu chake kuhusu watu wa huku kilichapwa Évora mwaka 1609.

Si yote ya Humbert yanayosomeka bila kukunja uso. Anamtaka mhubiri awe mwanamume, na sababu anazotoa, kwamba mwanamke amepungukiwa akili, ni wa kutawaliwa, atawasha tamaa, na kwamba Hawa alikwisha kufundisha mara moja ikatosha, ni hoja za zama zake alizozipokea bila kuzihoji. Mtu aliyezihoji faida za ukimya na vyeo hakuona haja ya kuzihoji hizi. Karne moja tu baada yake, Katerina wa Siena, mwanamke wa familia hiyohiyo ya Dominiko, alikuwa akiwaelekeza mapapa. Mwaka 1970 Kanisa lilimtangaza mwalimu wake.

Kisha kuna Vita vya Msalaba. Baada ya kuacha uongozi, miaka ya 1260, aliandika mwongozo wa kuwahubiria watu wakapigane na Waislamu. Ni kitabu cha mtu makini: anawataka wahubiri wasome, pamoja na vitabu vya historia, hata Qurani yenyewe. Lakini usomaji huo ulikuwa wa kutafuta silaha. Palepale walipokuwepo ndugu wanaojifunza Kiarabu ili wazungumze na watu, mkuu wao mstaafu alikuwa akiwafundisha wengine jinsi ya kuwaita askari. Hakuona mgongano wowote, na sioni sababu ya kumtengenezea udhuru.

Uongozi wenyewe aliuacha kwa hiari yake, London, mwaka 1263. Alirudi kwenye bonde la mto Rhône na kuandika. Sehemu kubwa ya tunayosoma leo ni kazi ya uzeeni. Papa Gregori X alipoitisha Mtaguso wa pili wa Lyon wa 1274, Humbert alitayarisha andiko la sehemu tatu: vita vya Mashariki, utengano na Wagiriki, na marekebisho ya Kanisa. Kwa Wagiriki aliona kwamba Walatini nao wana lawama, na kwamba wajifunze Kigiriki na kuacha dharau. Kwa Kanisa la nyumbani alikuwa na pendekezo la mtu aliyezunguka vijijini: sikukuu zipunguzwe, kwa sababu siku hizo watu hutenda dhambi zaidi vilabuni, na maskini wanazihitaji kwa kujitafutia riziki.

Alifariki Valence, safari fupi kutoka mji aliozaliwa, tarehe 14 Julai 1277. Shirika lilikuwa na nyumba zaidi ya 400. Kitabu cha wahubiri hakikupata umaarufu wa vitabu vya wenzake wa Lyon. Sehemu ya pili, yenye orodha ya watu 100, ilichapwa Hagenau mwaka 1508, ikachapwa tena Lyon 1677 ndani ya mkusanyo mkubwa wa maandishi ya Kanisa. Joachim Berthier alipotoa kazi zake upya mwaka 1888 na 1889, ilikuwa ni kwa ajili ya malezi ya watawa. Wanaokitafuta sana siku hizi ni wanahistoria wa maisha ya kawaida, wanaotaka kujua kijakazi wa mwaka 1270 alilalamikiwa kwa nini, au soko la wiki lilifunguliwa wapi. Humbert aliwaandika watu hao ili ndugu kijana, akitembea na mwenzake kuelekea kijiji asichokijua, awe na la kuwaambia.